Siku Mahari Yangu Ilipotolewa Sadaka

Siku ile naikumbuka kwa masikio kwanza, mwanangu, kabla ya macho. Nakumbuka vigelegele vilivyojaa kanisa hadi nje kwenye miti, halafu kimya. Nimezika wazazi, nimezika na mume, lakini kimya kama kile sijakisikia tena mahali popote. Kaa vizuri nikuambie. Ni jambo ambalo hadi leo nikilifikiria nashika kifua.

Nilikuwa msichana wa kwaya. Kanisa letu hili la huku Iguguno wazee walilijenga kwa matofali ya kuchoma, na kuta zake unaziona, hazijatikisika. Ila ndani, mwanangu, ndani palikuwa aibu. Popo walikuwa wamehamia darini miaka mingi. Mbao zilioza kwa mkojo wao, na siku za joto harufu ilishinda ubani. Plasta ilibanduka nyuma ya altare kama ngozi ya mgonjwa. Jumapili moja, wakati wa ubatizo, kipande cha dari kilianguka pale alipokuwa amesimama mama mmoja na kichanga chake. Alikuwa ndiyo kwanza amesogea kumpisha mwenzake. Watu walipiga kelele, mtoto akalia, na Padri akabaki ameshika chombo cha maji. Basi parokia ikaamua: tutachangishana, ndani patengenezwe kabla hatujazikana.

Mwaka huohuo nilikuwa nimechumbiwa na Anselmi, kijana mpole, mwana wa Mzee Simoni. Huyu Mzee Simoni alikuwa mfugaji mwenye jina, na tusimsemee vibaya marehemu, alikuwa mkarimu kweli. Ukipita kwake hukutoka na njaa. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: akisifiwa, hakujua pa kusimama. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi huku hatuna minazi, lakini wagema wa namna hiyo tunao.

Wazee walikuwa wameshakaa, mahari imeshakubaliwa. Baba yangu, Mzee Mateo, alikwenda na dada yake, shangazi Paskalina, mpaka zizi la chini la Mzee Simoni. Wakaonyeshwa ng'ombe mmoja mmoja, wakatajiwa kwa rangi, fahali mwekundu akiwa wa kwanza. Ng'ombe waliachwa huko kwa sababu malisho ya kwetu yalikuwa yamekauka. Lakini nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba ng'ombe wa mahari akishatajwa mbele ya wazee, hata akilala zizini kwa aliyemtoa, si wake tena. Ni mgeni anayengoja kusindikizwa. Baba naye alishaanza kupanga: kwa ng'ombe hao kaka yangu angeoa.

Ikafika Jumapili ya mchango. Baada ya Misa hakuna aliyeondoka. Nje mbuzi walifungwa kwenye miti, kuku wakalia ndani ya matenga, magunia ya mtama na alizeti yakapangwa ukutani. Hata majirani zetu Waislamu walikuja, mmoja kaleta madebe ya mafuta ya alizeti akasema, "Dari likiwaangukia ninyi, mazishini tutakuja sisi." Watu wakacheka sana. Mwongoza mchango alikuwa mwalimu mmoja mwenye ulimi mtamu. Alijua kumtekenya mtu mpaka ainue mkono.

Mfanyabiashara mmoja wa Mkiwa, mwenye duka kando ya barabara kuu, akasimama, akaahidi mbao za nusu ya dari. Kanisa likalipuka. Mwalimu akadaka hapo hapo:

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri! Wafugaji wa parokia hii mko wapi? Au ng'ombe wenu ni wa kutazamwa tu?"

Shingo zote zikageukia benchi la Mzee Simoni. Nilimwona akivuta koti lake, akasimama.

"Mimi Simoni," akasema, "siwezi kushindwa na mtu wa barabarani. Natoa fahali wangu mwekundu, na wote walio pamoja naye kwenye zizi la chini. Wote! Iwe dari, iwe altare, iwe mabenchi mapya!"

Vigelegele! Kina mama walirusha khanga. Mpiga kinanda akaingia na wimbo, nasi wanakwaya tukauimba, na mimi nikiwa miongoni mwao. Mdomo wangu uliimba kabla sikio halijaelewa. Unajua kwaya hukaa mbele ikiwatazama watu, basi macho yangu yakatua usoni kwa baba. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kibuyu. Ndipo nikasikia upya: fahali mwekundu. Zizi la chini. Sauti ilinikatika katikati ya neno. Mwenzangu alinikanyaga mguu akidhani nimesahau wimbo.

Nami nikiwa nimeganda hivyo, nikaona shangazi Paskalina anasimama. Hakuinua mkono. Alisimama tu na kitenge chake begani, akangoja wimbo ufe wenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," watu wakaitikia wakishangaa, maana siku za namna ile mwanamke hakusema isipokuwa ameitwa.

"Padri, nisamehe. Ng'ombe hao hawapokeleki. Ni mahari ya mtoto wetu. Tulionyeshwa, tukatajiwa, na mashahidi wamekaa humu humu."

Hapo ndipo kilipoingia kile kimya. Popo tu ndio waliosikika juu wakikwaruza mbao.

Mzee Simoni akageuka pole pole. "Dada Paskalina, ng'ombe wako zizini kwangu. Wanakunywa maji yangu. Mahari nitatoa wengine."

"Wengine wapi, mkwe? Zizi la juu una maksai wa kulimia tu. Ukame umekumaliza kama ulivyotumaliza sisi."

"Ninampa Mungu!" akapaza sauti. "Nani humu anagombana na Mungu?"

Watu wakaguna. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Shangazi hakupaza sauti hata kidogo.

"Mungu sigombani naye. Nagombana na wewe. Ukitaka kumpa ng'ombe, mpe wako. Hao ni wa huyu hapa." Akaninyooshea kidole. Kanisa zima likanitazama, mwanangu, mimi na joho langu la kwaya. Mpaka leo nikiliona joho la kwaya naona haya.

Mwalimu akajaribu kucheka, "Mama yetu, sadaka ikishatangazwa hairudi nyuma." Hakuna aliyecheka naye. Baba akainuka, akachukua kofia yake, akatoka.

Padri alitazama juu, palipokuwa na tundu la kile kipande cha dari kilichoanguka. Nilimwona kwa karibu, na ninakuambia alikuwa anaumia. Fahali yule peke yake angefika mbali. Kisha akasema:

"Mzee Simoni, nia yako Mungu ameiona. Lakini ng'ombe hao siwezi kuwapokea. Dari lisubiri. Nendeni kwanza mkapatane."

Mzee Simoni akavaa kofia yake humo humo kanisani, jambo ambalo sijapata kuliona kabla wala baada. "Basi na harusi nayo isubiri," akasema, akatoka kwa mlango mwingine. Watu wakashika vichwa. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba ndoa yangu imevunjika, nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo mkononi.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Bombani nikifika na ndoo, mazungumzo yalikatika. Wengine walisema shangazi amezuia kazi ya Bwana kwa tamaa ya ng'ombe. Popo waliendelea kutudondoshea uchafu, na kila tone lilikuwa kama linatunyooshea kidole sisi. Nikamwendea shangazi nikilia.

"Shangazi, umenivunjia ndoa. Ungenyamaza tu, mambo yangemalizwa nyumbani."

Alikuwa anapepeta uwele. Hakuuweka ungo chini.

"Ndoa inayoanza kwa watu kunyamaza," akasema, "utanyamaza nayo maisha yako yote. Ukishazoea kuporwa kwa nyimbo, siku ukiporwa kwa fimbo utaimba vilevile. Futa machozi, unipe maji ninywe."

Nilimpa maji. Sikumwelewa siku ile, na nilikuwa na hasira naye. Nakuambia ukweli, maana mtu akisimama kwa ajili yako mbele za watu, mara nyingine aibu huja kabla ya shukrani.

Kisha likanishtua jingine. Mchana mmoja Anselmi akaja nyumbani kwetu peke yake, bila mshenga, bila mzee wa kumsindikiza. Baba alikuwa kibarazani anapachika mpini wa jembe. Mama aliniita ndani, nikasimama nyuma ya mlango, pumzi nimeibana.

"Shikamoo, baba."

Baba akapiga mpini, akapiga tena. Nikadhani hataitikia.

"Marahaba."

"Baba, kanisani sikusema neno. Ni mzazi wangu, mdomo ukanifunga. Lakini nyumbani nimesema. Nimemwambia ng'ombe wale si wetu. Amenifukuza zizini."

"Amekufukuza?"

"Ndiyo, baba. Ila mama hajaninyima ugali."

Baba alitaka kukaza uso, mwanangu, akashindwa. Alicheka mpaka jembe likamdondoka. Ndipo nikajua bado nina mchumba.

Nani alimgeuza Mzee Simoni, sijui. Wako waliosema ni mkewe, wako waliosema Padri alimtembelea wakazungumza kutwa. Uzeeni nilimuuliza mwenyewe, akanijibu, "Kula ugali wako, mkwe." Ninachojua ni nilichokiona. Siku ya mnada, jua la utosi, watu wamejaa barabarani, Mzee Simoni alipita katikati yao akiswaga ng'ombe kwa mkono wake. Hakutuma mchungaji wala mwana. Mbele fahali mwekundu, nyuma yeye, fimbo begani, uso ameuinua, na kila mtu akijua anakokwenda. Mtu aliyependa sifa kuliko chakula alichagua kupita palepale ambapo angechekwa. Akaingia uani kwetu, akasema, "Mateo, wageni wako nimewaleta." Baba akampa kiti. Wakanywa togwa.

Ungedhani hadithi imeisha. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baba alisimama. Baba, ambaye kanisani alikuwa hafungui kinywa ila kwa sala.

"Padri, nina fahali mwekundu. Namtoa kwa ajili ya dari."

Nilipigwa na butwaa. Nikamtazama shangazi, nikitegemea atasimama tena. Alikuwa ametulia, anarekebisha kitenge. Kumbe baba alikuwa ameshamuuliza yeye, ameshamuuliza mama, ameshamuuliza na kaka ambaye harusi yake ingepunguka. Wote walikubali. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, eti wasiniharibie sauti ya kuimba.

Mzee Simoni akasema kutoka kwenye benchi lake, "Padri, huyo si ndiye fahali yule yule uliyemkataa?"

Watu wakaacha kupumua. Padri akatabasamu.

"Ndiye, mzee wangu. Ila safari hii ametoka zizini kwa mwenyewe."

Sekunde ile nilimwogopea Mzee Simoni. Lakini yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko kikubwa, akasimama akasema, "Haya! Mimi ng'ombe wa kutoa sina tena. Mgongo ninao." Na mgongo wake akautoa. Kazi ilipoanza, alipanda ngazi kabla ya vijana, akabandua mbao mbovu, kinyesi cha popo kimemjaa mpaka kwenye nyusi, na jioni akarudi kwake akinuka, hakuna aliyempigia kigelegele. Nadhani kwa mara ya kwanza hakukihitaji. Mimi na Anselmi tulifunga ndoa chini ya dari jipya, mbao zikinukia bado.

Sasa, mwanangu, nimesikia mnachangishana tena, safari hii vigae vya sakafu na rangi ya kuta. Vizuri. Nyumba ya sala isiachwe iwe ya popo. Lakini siku hizi ahadi zinatajwa kwenye simu, jina lako linapita mbele ya watu, na makofi yanapigwa kwa vidole. Makofi ni makofi. Yatakulevya kama yalivyomlevya mkwe wangu, na ahadi ni deni.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujainua mkono, jiulize unachokitoa kiko zizini kwa nani. Ada ya mtoto si yako. Mbegu mliyonunua na mkeo si yako peke yako. Mshahara wa kijana anayekulimia si wako, hata kama bado uko mfukoni mwako. Mungu hahongwi kwa mali ya mtu mwingine. Kamuulize wa nyumbani kwako kwanza, mkikubaliana toeni, hata kikiwa kibaba cha mtama. Ukiwa huna, toa mgongo, na usione haya. Na ukisikia chako kinatolewa huku watu wanaimba, usiimbe nao. Simama. Sema kwa heshima, lakini sema. Na ukishagundua umekosea mbele za watu, rudi kwa njia ile ile ya mbele za watu. Njia ya uchochoroni haimponyi mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mvua shambani na maziwa zizini, akupe cha kutoa na moyo wa kukitoa, na karibu yako akuwekee mtu asiyeogopa kukuambia hapana. Amina.