Mchi Mlangoni kwa Bibi Harusi

Haijanitoka kichwani, mwanangu, siku shangazi yangu alipokuja kunitazama Kasongo, nami ni bibi harusi wa miezi michache. Alitoka kwetu upande wa Kabambare kwa miguu, kitunga cha mihogo mgongoni, ukanda wake ukiwa umekaza kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba. Akakitua uani, akanyoosha mgongo, akaniambia nikiingize ndani.

Nikakishika, nikavuta, kikanishinda. Nikajaribu tena, nikaishia kukaa chini nikihema. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka.

“Mutoto ya kaka yangu, uko mugonjwa?”

“Hapana, shangazi. Niko muzima.”

“Muzima iko hivi?”

Kweli sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeolewa kwa wafanyabiashara, watu wa mjini tangu mababu zao, na katika nyumba ile bibi harusi hagusi mchi. Kutwanga, kwa mawazo yao, kulikuwa kazi ya watumwa wa zamani. Bibi harusi alikaa mkekani, akapakwa hina, akala, akanenepa, na unene wake ulikuwa sifa ya mume. Sikufichi, nilipenda. Ila usiku usingizi ulinipaa, na kutoka chumbani hadi langoni tu moyo ulinienda mbio.

Shangazi akamwendea mama mkwe wangu, akapiga magoti kwa heshima, akaomba niruhusiwe kutwanga mpunga kila asubuhi, humo humo ndani ya ua.

“Watu watasema tumeoa mutumwa,” mama mkwe akajibu.

“Watasema, mama. Lakini siku kutakuwa mugonjwa humu nyumbani, nani atamubeba? Ni wale wenye kusema?”

Mama mkwe akainuka, akaingia ndani. Kesho yake nilipofungua mlango, nilikuta mchi umeegemezwa hapo.

Jamani, asubuhi zile! Tulitwanga wanawake watatu, mimi na wasaidizi wawili wa nyumba, kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana. Ukichelewa kidogo tu unagongana na mwenzako, na kicheko kinawamaliza wote. Mwanzoni viganja vilinitoka malengelenge, nikamlaani shangazi kimoyomoyo. Baadaye usingizi ukarudi, pumzi ikarudi, na hata uchungu wa ugeni nikauacha kinuni. Asubuhi moja mama mkwe mwenyewe akajifunga kitenge kiunoni, akasema, “Munipishe.” Alitwanga vibaya, Mungu amrehemu, lakini siku iliyofuata alikuja tena. Ningetoa mengi niisikie tena sauti ya michi ile. Siku hizi mpunga unakwenda mashini, na uani kwangu kumekuwa kimya.

Miaka ikapita, mama mkwe akazeeka, miguu ikamkatalia. Wanaume wa nyumba walikuwa wamekwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumtoa chumbani, kumwogesha na kumkalisha juani. Siku moja, majirani wakitutazama, aliniambia sikioni, “Shangazi yako alijua.”

“Watu watasema, mama,” nikamtania.

Akacheka, nikausikia mwili wake ukitikisika mgongoni kwangu. “Waache waseme.”

Basi ndiyo sababu nimekuita, mwanangu. Nimesikia umeacha kukimbia na wenzako kwenye njia ya mtoni, eti kwa kuwa vijana wa pikipiki wanawacheka. Iliniuma kusikia hivyo. Sikwambii urudi kinuni. Kimbia, cheza mpira, lima, nenda sokoni kwa miguu na umwachie mwenye pikipiki mzigo tu. Fanya hata kidogo, lakini usipitishe siku bure. Mwili uliozoea kazi hukulaza usingizi mzuri, hukusaidia kuinuka baada ya kuzaa, na uzeeni bado unajichotea maji mwenyewe. Usiutunze kwa ajili ya macho ya mume wala ya jirani. Ni wako wewe, na siku moja kuna mtu atauhitaji. Huenda nikawa mimi.

Mungu akutie nguvu magotini, akuongezee pumzi, akupe na wa kukubeba siku yako ikifika. Sasa nenda kalale. Kesho alfajiri nataka niisikie miguu yako ikipita hapa mlangoni.