Kuinua Bila Kuvuta

Mguu wa kulia wa shemeji yangu niliukata mimi, ingawa sikushika kisu. Niliukata kwa winchi.

Alikuwa turnboi, yaani utingo, wa lori la majani chai. Lori lilipinduka kwenye kona moja juu ya Mogogosiek, likalala ubavu ndani ya mtaro, naye akabanwa chini ya tangi la mafuta kuanzia goti kwenda chini. Brekdauni iliyokuwa karibu ni yangu. Ilikuwa lori kuukuu la magurudumu kumi, na nyuma yake mkono wa chuma uliochomelewa mahali pamoja, usioweza kugeuka. Mkono wa namna hiyo unajua jambo moja tu, nalo ni kuvuta kitu kije nyuma ya lori. Barabara ilikuwa nyembamba na nafasi ya kusimama ilikuwa upande mmoja tu. Kutoka upande huo, kuvuta kulimaanisha kuburura. Nililijua hilo. Watu walipiga kelele nivute, yeye mwenyewe alipiga kelele, nikavuta. Lori lilisogea mita moja na robo kabla ya kuinuka. Kelele zake zilikatika katikati ya hiyo mita.

Madaktari walimalizia kazi niliyoianza. Mke wangu, ambaye ni dada yake, hakuniuliza neno. Shemeji mwenyewe pia hakuuliza. Alipopata mguu wa bandia alikuja gereji kwangu Silibwet, akaketi juu ya tairi, akasema anataka kujifunza kuchomelea kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa. Nikamfundisha. Kwa miaka minne tulifanya kazi hatua tatu mmoja kutoka kwa mwenzake, na ile kona hatukuitaja hata siku moja.

Badala ya kuitaja, nilisoma. Shule niliiacha darasa la nane. Nilinunua vitabu vya fizikia vya sekondari kutoka kwa mama anayeuza vitabu vilivyotumika karibu na stendi ya Bomet, nikafanya maswali yote ya sura ya nguvu na mizani, nikakosa, nikarudia. Nilipomaliza daftari la pili nilikuwa nimeelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kushika winchi. Kama mkono ungeweza kuzunguka, na kama lori lingekuwa na miguu ya chuma ya kulizuia lisianguke, ningesimama popote barabarani, nikaupeleka mkono juu ya mtu aliyebanwa, na mzigo ungepanda moja kwa moja bila kumsugua. Mashine kama hizo zipo duniani. Kwetu sikuwa nimeiona hata moja.

Nilimwonyesha shemeji mchoro.

"Hii haivuti?" akauliza.

"Inaweza kuvuta. Lakini si lazima."

"Basi tuijenge," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Kinachofanya eskaveta, ile mashine ya kuchimbia, izunguke ni pete kubwa ya chuma yenye meno, iliyo kati ya miguu yake na kiwiliwili. Tuliipata kwenye machimbo ya mawe upande wa Chebunyo, katika eskaveta iliyoungua na kuachwa. Bolti zilikuwa thelathini na sita, zote zimeshikana kwa kutu. Tulizipiga kwa nyundo ya kilo tisa, kwa zamu, hadi viganja vikapasuka. Bolti ya kumi na moja ilikatika na kichwa chake kikaruka, kikanipasua nyusi hadi mfupa. Shemeji alinimwagia maji usoni, akanifunga kwa mkono wa shati lake.

"Zimebaki ishirini na tano," akasema.

Tulipofika nyumbani na ile pete, alitaka kuukata mkono wa zamani wa brekdauni yeye mwenyewe. Nikampa moto wa gesi. Aliukata taratibu, kwa mstari ulionyooka, kama nilivyomfundisha, na mkono ukaanguka chini kwa kishindo kilichowatoa kuku wa jirani nje. Kisha akazima gesi, akachukua ile nyundo ya kilo tisa, akaanza kuupiga. Hakukuwa na sababu ya kiufundi. Aliupiga huku akiyumba juu ya mguu wake mmoja na nusu, vipande vya kutu vikimrukia usoni, hadi chuma kikakunjika mahali ambapo sikudhani kingekunjika. Mimi nina tabia ya kuhesabu. Alipiga mara sitini na mbili. Kisha akaiweka nyundo chini, akajipangusa, akasema, "Sasa lete hiyo pete yako."

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Tuliongeza bamba juu ya chesi, yaani fremu ya lori, tukachomelea miguu minne inayotoka pembeni na kushuka kwa haidroliki, tukaweka uzito wa nyuma, tukafunga mkono mpya juu ya pete. Bolti za pete lazima zikazwe kwa nguvu ileile zote. Moja ikilegea, mzigo unahamia kwa jirani yake, naye anakatika. Sikuwa na kifaa cha kupimia. Nilienda kituo cha kununulia majani chai, nikaazima ile mizani ya kuning'inia wanayopimia magunia, nikaifunga kwenye ncha ya bomba la mita moja na nusu lililovishwa kwenye spana. Nilivuta mizani hadi isome kilo arobaini na saba na nusu, nikahamia bolti inayofuata. Wakulima waliokuja kudai mizani yao walisimama wakitazama.

"Sasa hata bolti inapimwa kama majani?" akauliza mmoja.

"Usisahau kutoa kilo mbili za gunia, kama karani wetu," akasema mwingine. "Na ingine moja ya maji."

Shemeji alicheka nyuma ya miwani yake ya kuchomelea. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka katika gereji yangu.

Kosa letu lilikuwa la kwetu kabisa. Katika nchi hii ya chai kila kitu kizito huegemezwa kwa magogo ya mikaratusi, kwa sababu kila barabara ina marundo yake yakisubiri kupelekwa kwenye matanuri ya viwanda. Siku ya kujaribu mashine tulichukua magogo mabichi, tukayapanga chini ya miguu minne ya chuma, tukaning'iniza trekta bovu lililojazwa mawe. Manyunyu yalikuwa yamepita. Nilizungusha mkono robo ya mzunguko. Gome la mkaratusi mbichi likilowa huachana na mti kama soksi inavyovuka mguuni. Mguu wa nyuma uliteleza na gome lake, lori likalala upande mmoja, na mkono ukajizungusha wenyewe kwa uzito wa trekta. Trekta lilipita katikati ya ukuta wa stoo yangu kana kwamba ukuta ulikuwa wa karatasi. Matofali yalirushwa hadi barabarani. Shemeji alikuwa kwenye njia yake. Mguu wa bandia ulimkunjikia akaanguka kifudifudi, na gurudumu la trekta likapita mahali kichwa chake kilipokuwa.

Tulikaa chini wote wawili katikati ya vumbi.

"Ningekuwa na miguu miwili ningebaki nimesimama," akasema.

Niliandika kwenye daftari: gogo lenye gome haliingii chini ya mguu. Nikapigia mstari. Tukamenya magogo manane, tukayakausha, tukayafunga kwenye chesi.

Simu ilikuja alasiri moja ya Machi, mvua ya mawe ikiwa imetoka kukatika. Lori la majani chai lilikuwa limepinduka, kona mbili chini ya ile yetu. Sikuhitaji kuelekezwa. Tulipofika, mawe ya mvua yalikuwa bado meupe kati ya mistari ya chai, na majani yaliyomwagika yalitapakaa mtelemko mzima. Dereva alikuwa hai. Mlango wa kichwa cha lori ulikuwa umemlalia juu ya paja. Nilisimamisha mashine mahali pekee palipokuwa na nafasi, upande uleule usiofaa, na kwa mara ya kwanza upande haukuwa na maana. Lakini ukingo wa barabara ulikuwa umeliwa na maji. Miguu miwili ya chuma ilining'inia hewani. Magogo yangu manane hayakutosha; yalihitajika sita zaidi. Rundo lilikuwepo hapo barabarani, limelowa, kila gogo na gome lake.

Shemeji alivua mguu wake wa bandia ili apite mahali pembamba, akatambaa chini ya lori na mkanda wa kuinulia, akiuburura mguu huo pamoja naye kwa sababu angeutumia kama kabari. Mimi nikachukua panga na kuanza kumenya.

"Mzee, unangoja nini?" akauliza mtu. "Vuta hiyo kitu."

"Sivuti, nainua. Nisaidieni kutoa hili gome. Nani ana panga?"

Hakuna aliyesogea. Mwanamume mmoja aliyevaa gambuti alijipenyeza mbele, mpini wa jembe mkononi. Alikuwa kaka ya dereva.

"Ndugu yangu anakufa na wewe unachonga miti?"

"Gogo likiteleza, lori linamrudia."

"Kama ni kuni unataka, si uende kiwandani."

"Mawili nimemaliza. Yamebaki manne."

Alinipiga begani. Mkono ulikufa ganzi, nikahamisha panga mkono wa kushoto. Pigo la pili lilinipata sikioni, na kwa muda sikusikia ila mlio mmoja mrefu. Mwingine alinipiga teke la mbavu kutoka nyuma. Nilipiga magoti juu ya gogo, kwa sababu nikiwa chini ningeweza kuendelea, nikaendelea. Damu iliingia jichoni upande uleule wa nyusi iliyopasuka zamani. Gome la gogo la tatu lilitoka kwa ukanda mmoja mrefu. Sitaki kusema nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimesikia kelele zikikatika mara moja, na kipigo kilikuwa rahisi kuliko hilo. Mpini uliposhuka tena ulivunjika mgongoni mwangu, na yule kaka akabaki na kipande, akitafuta cha kunipigia.

Ndipo sauti ya dereva ikasikika kutoka chini ya lori, nyembamba sana.

"Huyo fundi anajua kazi?"

Shemeji alikuwa amelala kando yake, uso kwa uso. Alijibu kwa sauti ya kawaida, lakini watu walikuwa wamenyamaza kumsikiliza mgonjwa, hivyo sote tulisikia.

"Mimi alinivuta," akasema. "Nikaacha mguu hapo juu, kona ya pili. Wewe atakuinua. Lakini mwambie ndugu yako amwache fundi atoe gome."

Kisha tukasikia spana ikigonga plastiki ngumu, mara mbili. Alikuwa akimwonyesha mguu wa bandia.

Kwa miaka minne nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na nilikuwa nimeyapangia majibu mengi. Niliinama nikaendelea na gogo la nne. Nilipoinua macho, kaka ya dereva alikuwa amepiga magoti mbele yangu na panga la mtu mwingine, akimenya la tano. Alikuwa akilia huku akimenya, na alimenya vizuri, hadi mti mweupe.

La sita lilipokwisha, tuliyapanga kwa kuyapishanisha. Nilishusha miguu ya chuma, nikatazama pima maji, nikashika vipini. Mkono ulizunguka juu ya vichwa vya watu, wakainama. Kamba ya chuma ilikaza, ikaanza kulia. Gogo moja lilipasuka kwa mlio kama bunduki na watu wakakimbilia kwenye chai. Mguu ulizama sentimita tatu, ukagota, ukatulia. Haukuteleza. Bati la lori lilikunjuka likipiga kelele, vioo vikamwagika, na kichwa cha lori kikapanda: sentimita nne, kumi, thelathini. Kikapanda juu. Hakikwenda mbele hata kidogo.

Walipomvuta dereva kwa mabega, paja lake lilikuwa limevunjika mahali pawili na alipiga kelele. Alipiga kelele walipomgeuza, alipiga kelele walipomlaza juu ya mlango wa mbao, na aliendelea kupiga kelele wakimpandisha mtelemko hadi kwenye gari. Nilisimama na vipini mikononi nikizisikiliza zote. Hazikukatika hadi gari lilipopita kona.

Shemeji alitoka akitambaa kwa viwiko, amejaa tope na majani chai. Nilianza kushusha.

"Usishushe," akasema. "Mguu wangu umebaki huko chini."

Nilisimamisha winchi. Yeye alinitazama usoni, damu yangu na sikio langu lililovimba, na mdomo wake ukaanza kutikisika kwa kicheko.

"Ule wa plastiki, shemeji. Huo mwingine ulishauchukua."

Kaka ya dereva hakuwa ameondoka na gari. Alilala kifudifudi, akaingia chini ya lori lililoning'inia, mahali ambapo ndugu yake alikuwa amebanwa, na gambuti zake tu zikabaki nje. Nilishikilia lile lori hewani hadi alipotoka kinyumenyume na ule mguu kifuani, akaupangusa tope kwa fulana yake, akampa mwenyewe.