Posa ya Chai Isiyo na Sukari

Jamani, kwa kuwa nusu ya Msambweni wanaisimulia aibu yangu na kila mmoja anaitia chumvi yake, afadhali niisimulie mwenyewe, mcheke mkijua mnachokicheka.

Chanzo ni daktari. Aliniambia, "Mzee, punguza sukari." Aliniambia mimi. Hakusema mke wangu Mwanaisha apunguze, wala binti yetu wa mwisho, Saumu, wala paka. Lakini mimi kidato cha nne nimekimaliza, na maisha yangu ya kazi niliyapitisha kwenye lango la wafanyakazi la hoteli moja ya Diani, nikiwapapasa wapishi mifuko wasije wakaondoka na siagi ya watalii, kwa hiyo amri nimezoea kuitoa kuliko kuifuata. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba kuanzia siku ile tungekula vyakula vya asili tu, vya kupikwa jikoni kwetu, visivyopita kiwandani. Sukari nikampa jirani. Sembe, mafuta ya kukaangia, mkate wa dukani, soda, vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi, vyote vikaondoka. Tukabaki na dona, kunde, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kuchoma, na mchunga, ile mboga yetu chungu ambayo naipenda sana (ila si asubuhi).

Mwanaisha akawa anatwanga, anapepeta, anakuna nazi, mpaka viganja vikaota sugu, nami niko kitini namweleza faida ya makapi.

"Baba Saumu," aliniambia siku moja, mchi mkononi, "na wewe hiyo afya huitwangi?"

Nikamjibu kwamba kazi yangu ilikuwa kuongoza.

Sasa niseme lililo baya zaidi. Kila alasiri nilikuwa naaga kwamba nakwenda kunyoosha miguu, na miguu ilikuwa inanyooka moja kwa moja mpaka kwa Bi Mishi, mpika kaimati, zile donge za unga za kukaangwa na kuchovywa kwenye shira ya sukari. Nilikuwa nazila nimesimama nyuma ya kibanda chake, moto moto, shira ikinichuruzika kidevuni, kisha nanawa, nafuta ndevu, narudi nyumbani kukagua sufuria za watu.

Ndipo posa ya Saumu ikaja. Kijana ni fundi wa umeme wa Tiwi, Saumu alimtaka, sisi tulikuwa tumeridhika, na kilichobaki ni wazee wake kuja kuchukua jibu. Na kwetu jibu la posa halisemwi tu, linanyweshwa: wageni wakiletewa sharbati, au kitu chochote kitamu, wamekubaliwa, wakiletewa kisicho na utamu, wanashukuru kwa adabu na kuvaa viatu vyao. Hili mtoto mdogo analijua. Na mimi nalijua.

"Sukari kidogo tu," Mwanaisha alinisihi asubuhi ile. "Ya sharbati. Leo tu."

"Mama Saumu, afya haina sikukuu."

(Madafu nayo tulikuwa tumeyamaliza, maana ndiyo ilikuwa soda yetu.)

Saumu alinitazama. "Baba, hawa watu watakuja wakitegemea jibu," akasema. Nikamwambia watu wa siku hizi ni waelewa, nami ningewaeleza.

Kisha nikaenda kunyoosha miguu. Siku hiyo nilimwomba Bi Mishi anifungie na za akiba kwenye gazeti, kwa kuwa nilijua kikao kitakuwa kirefu na mihogo ni ileile. Kufika nyumbani, wageni wamewahi, wanavua viatu mlangoni! Nikalisukuma furushi kwenye mfuko wa kanzu, nikavuta koti juu yake, nikaingia nao nikaketi, mkono nimeubana mfukoni kama mwenye jipu.

Mshenga wao, Mzee Hamadi, alifungua kwa dua na maneno mazuri yaliyopangika. Ikaletwa chai ya mchaichai isiyo na sukari, mihogo, na bakuli la mchunga. Akapiga funda moja. Akatazama ndani ya kikombe. Akaonja mchunga, akamtazama mwenzake, na mwenzake akaonja naye, akatazama chini. Kimya. Mtu mwenye akili angeukimbilia ule ukimya kuuzima kama moto kwenye makuti, lakini mimi nilikohoa nikaanza kuhutubia: sukari ni sumu, viwanda vinatuua, wazee wetu hawakula takataka hizi. Kadiri nilivyosema, ndivyo nyuso zilivyofungika.

"Tumekusikia, mzee mwenzangu," Mzee Hamadi akasema taratibu. "Na jibu tumelionja. Mtoto wenu ni wenu." Akafunika kikombe chake kwa kisahani, akainuka, na wenzake wakainuka.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Saumu ikipasuka, "Mama, wanaondoka!"

Nikaruka, magoti yakalia, nikamkamata Mzee Hamadi mkono. "Ngojeni, siyo hivyo!" Mkono wangu ukamnata. Akautazama mkono wake, akanitazama kanzu, na kumbe shira ilikuwa imeshapita gazeti, imepita mfuko, imenichora kutoka kiunoni hadi gotini.

Mwanaisha akatokea, hakubisha hodi kwa mtu, akatia mkono mfukoni mwangu akatoa furushi.

"Baba Saumu. Nini hiki?"

"Dawa," nikasema. (Mpaka leo sijui kwa nini nilisema dawa.)

Akalifungua. Akatazama kaimati, akanitazama mimi, akawatazama wageni, mguu mmoja ndani ya kiatu. Niliona anachagua kati ya kunimaliza mimi na kumwokoa mwanawe, na akafanya yote mawili. Alizipanga kwenye sahani, akaziweka mbele ya Mzee Hamadi kwa magoti mawili. "Wazee wangu, jibu letu ndilo hili. Limechelewa kwa sababu mume wangu alikuwa amelikalia."

Mzee Hamadi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kumbe uchungu wa wageni, utamu wa mwenyewe!" Akachukua moja, akaibandua kipande cha gazeti, akaitia kinywani. "Alhamdulillahi. Tumekubaliwa." Sahani ikazunguka watu wote. Kwangu haikufika.

Saumu yuko Tiwi sasa na mumewe. Alinisamehe, ila si siku ile wala mwezi ule, na huko wakwe zake wananiita Babu Mfuko. Sukari imerudi jikoni. Dona na mchunga vimebaki, kwani Mwanaisha anasema hakuwa na ugomvi navyo, ugomvi wake ulikuwa na mhubiri. Kutwanga natwanga mwenyewe, chai isiyo na sukari nainywa peke yangu, na nimeapa sitakagua tena sufuria ya mtu asiyeniomba.

Lakini wageni wakija, kabla sijaketi, Mwanaisha hunisimamisha mlangoni mbele yao na kunipapasa mifuko, kulia kisha kushoto, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wapishi wa Diani. Nami huinua mikono juu.