Jina la Mwanangu Ndani ya Seva

Shule niliiacha darasa la tatu kule Fizi, Kongo, na sioni haya kusema. Nyumba yangu ya hapa kambini Nakivale, Uganda, nimeijenga kwa mikono yangu, na watoto nimewasomesha kwa mahindi. Wa kwanza ndiye aliyetuwekea kompyuta ya kliniki yetu, ile inayozungumza na seva ya Mbarara, mashine kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa. Mimi nilipewa kuangalia sola na batri.

Mawasiliano yakikatika, alikuwa ananipigia simu kutoka kazini kwake Mbarara.

"Papa, anzia karibu, uende mbali. Waya kwanza."

"Waya iko fasi yake."

"Taa za modemu?"

"Zinawaka. Unaniuliza kama mtoto mdogo?"

Akacheka. "Papa, fundi ni wewe. Mimi ni mdomo tu."

Gari lilimgonga akiwa juu ya bodaboda, huko huko Mbarara. Tukamleta Nakivale, tukamzika. Wanawake walikuwa bado wanalala matangani, kwenye mikeka uani, nesi alipokuja kuniita. Alisema mashine imekataa, na kuna mama ameshikwa na uchungu, faili lake halionekani.

Nikaenda. Nikaanzia karibu. Waya ilikuwa fasi yake, taa ziliwaka. Seva yenyewe ilijibu ilipoitwa, ila kila mara nesi alipotaka kuingia ilimfukuza. Basi shida ni ya mbali. Nikapiga Mbarara, akajibu binti Mnyankore, mwenyeji wa huko, aliyechukua kiti cha mwanangu.

"Mzee, pole sana. Kliniki yenu ilikuwa inaingia kwa jina lake na neno lake la siri. Mfanyakazi akifa, sisi tunafunga jina lake. Nimelifunga jana."

"Jana? Kwetu mtu hatolewi nyumbani kabla matanga hayajaondolewa. Hata shati lake moja hatujagawa. Nyinyi mnamtoa mbio hivyo?"

Nilisikia akibonyeza vitufe.

"Sikujua, mzee. Ninalifungua sasa hivi. Lakini haliwezi kukaa. Nitatengeneza jina la kliniki, na siku mkiondoa matanga unipigie wewe mwenyewe."

Kompyuta ikafunguka. Juu kwenye kona likatokea jina la mwanangu, kama mtu aliyekwenda sokoni na kurudi. Nesi akasoma faili la yule mama, akatoka mbio. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya hilo jina. Tangu hapo kila asubuhi nilikwenda kupangusa batri ambazo hazikuwa na vumbi.

Siku ya kuondoa matanga tuligawa mashati, viatu nikampa mdogo wake. Kisha nikaenda kliniki, nikapiga simu.

"Sasa funga."

"Mzee, una hakika?"

"Funga, binti. Usiniulize tena."

Jina likaondoka. Nesi akaandika lile jipya la kliniki. Nilikuwa nimejiandaa mashine isumbue, nianze tena na waya, niende kwenye taa, nifike mbali kama alivyonifundisha.

Ikakubali mara moja. Ningependa ikatae kidogo.