Kiganja Juu ya Kapo

Jumanne ya juma lililopita, kabla ya adhuhuri, tulimpoteza kwenye barabara ya kuteremkia Kirotshe, akiwa juu ya kipoyi, machela ya mianzi tunayobebea wagonjwa. Alikuwa mfugaji wa vilima vya Masisi ambaye ujanani aliendesha malori ya dizeli mpaka Itebero. Hatukuwa marafiki wa karibu. Tulisali kanisa moja, na nilikuwapo siku mtaa wetu ulipomtuma akatutazamie gari.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba kwetu mgonjwa hufika hospitali kwa mabega ya watu. Ndiyo maana kila familia iliuza ng'ombe, tununue gari lililotumika. Likiwa bovu, tungebaki bila ng'ombe na bila gari. Tulilikuta uani kwa muuzaji, kwenye mteremko, limeoshwa likang'aa. Muuzaji aligusa ufunguo mara moja tu, likawaka. Mwenzetu alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kapo, kifuniko cha injini.

"Iko moto. Ilitoka wapi?"

"Haikutoka, Papa. Niliwasha kidogo tu, isiwasumbue."

"Zima. Tutalala nayo hapa, asubui tutawasha pamoja."

Muuzaji akacheka. "Papa, unanunua gari ao ngombe?"

"Ngombe nayo njo vile. Ukimukuta amekwisha kukamuliwa, maziwa yake utayajua namna gani?"

Kwetu huo ni utaratibu wa zamani: anayenunua ng'ombe wa maziwa hulala kwa mwenyewe, aone mkamo wa alfajiri. Kwa gari hatukuwahi kuuona. Muuzaji akasema kuna mfanyabiashara wa Rubaya anayekuja kulichukua. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua, hakuvumilia: "Kaka, mutoto wangu atazaa mbele umalize kugusagusa."  Mwenzetu alituambia tulisukume gari hadi penye tambarare, lisije likawashwa kwa kuteremshwa, akatia ufunguo mfukoni.

Asubuhi kapo lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Aliwasha, injini ikazunguka bila kushika. Akarudia, na muuzaji akaanza kusema maneno mengi. Mwishowe ikashika kwa kutetemeka, ikatoa moshi mweupe usioisha. Alipofungua kifuniko cha oili, moshi ukafoka humo pia, kama mvuke wa chungu cha maharagi.

"Moteri imechoka," alisema. "Turudi."

Mfanyabiashara alilinunua siku ile ile. Likatupita njiani tukitembea kwa miguu, na hakuna aliyemsemesha mwenzetu mpaka nyumbani. Binti alibebwa kwa kipoyi, akajifungua salama njiani. Gari jingine hatujapata mpaka leo.

Sitasema kwamba uangalifu wake ulimlipa. Ninachojua ni kwamba mwenye shida huonyeshwa kitu kikiwa kimeshapashwa moto, na shida yenyewe humkataza kungoja kipoe. Anayengoja kwa niaba yetu tunamchukia. Yeye alikubali kuchukiwa.

Jumanne wabebaji walimtua kwenye kona wapumzishe mabega. Gari lile lilikuwa hapo, limetelekezwa, majani yameota katikati ya magurudumu. Aliomba asogezwe. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kapo.

"Leo iko baridi," alisema.

Mama yule, aliyekuwa akitembea nasi, akauchukua mkono wake taratibu, akaurudisha ndani ya blanketi. Tukainua kipoyi.