Siku Tano za Kuruthumu

Mke wangu Kuruthumu hakuwahi kuniomba dhahabu. Aliniomba siku tano.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyo, maana bila hilo mtamwona kama mwanamke wa kudeka. Nina duka hapa Kasulu, la majembe, sabuni na vitenge, nililoachiwa na baba yangu, mtu wa Pangani aliyekuja bara kufanya biashara akanogewa na baridi yetu. Marehemu alikuwa na desturi yake: mteja anayetoka mbali haondoki na njaa. Mkulima akishuka kutoka Nyakitonto au Rungwe Mpya, anapita uani, ananawa, anakula, ndipo anachagua jembe. Desturi hiyo imenipa wateja wasiokwenda kwa mwingine. Sifa zote nilizichukua mimi. Aliyepika ni Kuruthumu, miaka ishirini na miwili, siku za soko masufuria matatu. Mzee Niyubahwe wa Nyakitonto akifika humsalimia kwanza yeye kwa Kiha, “Mwakeye, mama,” halafu ndiyo ananikumbuka mimi.

Jirani yetu mmoja, mwalimu Yusta, aliwahi kwenda semina akalala kwenye hoteli ya ufukweni. Aliporudi alimsimulia mke wangu kwamba kule unakaa kwenye kiti unatazama bahari, chai inakufuata ulipo, na kitanda ukikiacha kimevurugika unakikuta kimetandikwa. Kuruthumu alicheka, akasema huo ni uongo wa walimu. Lakini hadithi ile ilimkaa.

Halafu akaugua. Akapasuliwa uvimbe pale hospitali ya Kabanga, akapona vizuri, na daktari akamwambia apumzike. Jioni moja, ananimiminia maji ya kunawa, akasema, “Baba Asmahani, nataka siku tano kama zile za Yusta. Siku tano sishiki sufuria. Baada ya hapo sikusumbui tena.”

Likizo ya Juni, msimu wa maharage umepamba moto, nikafunga duka. Watu walidhani nimefiwa. Tukapanda basi mimi, yeye, binti yetu Asmahani na mdogo wake Dadi, safari ya siku mbili na nusu hadi Pangani, ambako nilikuwa nimeagiza vyumba viwili kwenye hoteli ndogo kando ya bahari.

Jioni ile ya kwanza siisahau. Aliketi kwenye kiti kirefu cha kitambaa, miguu ameinyoosha, viatu amevivua. Mhudumu akaleta chai na vitumbua. Kuruthumu alimshukuru mara nne, mpaka kijana akaona haya. Watoto walikuwa majini wanapiga kelele. Akanigeukia akasema, “Umeona? Sijui hata jiko lao liko upande gani.” Akacheka, kicheko cha msichana. Sikuwa nimekisikia tangu Dadi azaliwe.

Asubuhi nikaenda msikitini. Hapo ndipo nilipoharibu.

Baada ya sala mzee mmoja akanishika mkono, akanitazama usoni, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Sura ya baba hainifichi. Kabla jua halijapanda, Hashimu, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikuwa amesimama mbele yangu, macho yamemtoka. “Nurudini, unalala hotelini na nyumba ya babu yako ipo? Watu watasema tumekufukuza.”

Ningeweza kumwambia kweli, kwamba mke wangu mgonjwa, amekuja kupumzika. Angenielewa, ni mtu mwema. Lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi, ninayemlisha kila mteja anayetoka Rungwe Mpya, nionekane nawakimbia ndugu zangu? Nikarudi hotelini nikasema tufunge mizigo.

Kuruthumu alikuwa mezani, anapaka siagi mkate. “Siku zote zilizobaki?” akauliza.

“Ni ndugu, Mama Asmahani. Utapumzika huko huko.”

Akaweka kisu chini. Hakubisha. Ningetamani angebisha, mimi hubishiwa nikasikia.

Tulipokewa kwa shangwe. Stumai, mkewe Hashimu, alipika pilau siku ile akamkataza mke wangu asiguse kitu. Lakini habari zilienea kwamba mtoto wa Kigoma amerudi, na watu wakaanza kumiminika kuniona. Mwanamke gani wa kwetu atakaa mkekani akimtazama mwenzake anawapikia watu thelathini peke yake? Kesho yake Kuruthumu alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Keshokutwa alikuwa anaparua samaki. Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba mbili tatu, hakwenda. Mimi nilikuwa barazani nikihesabiwa ukoo, nanenepa kwa sifa. Wazee wakaniambia, “Umeoa, Nurudini.” Nikambebea maneno hayo jikoni kama zawadi. Alinitazama akasema, “Washukuru.”

Siku ya kuondoka nilimwona anajishika tumbo pale alipopasuliwa. Nikamwuliza, akasema si kitu. Nikaridhika, maana jibu hilo lilinifaa.

Nilimwahidi Juni nyingine. Juni nyingine ikaja na maharage yake. Mimi ni mtu wa duka, nilijua kupanga kila kitu isipokuwa hicho. Miaka tisa ikapita, na yeye hakutaja tena neno bahari. Nilijidanganya kwamba amesahau.

Mwaka huu Asmahani, ambaye sasa ni muuguzi Kigoma mjini, alituita. Akatulipia siku tano kwenye hoteli ya ufukweni mwa ziwa, sisi wawili tu. Nadhani alikuwa ameyaona yote kule Pangani, alikosa tu ubavu wa kunisema.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta upande wake umeshatandikwa, shuka zimenyooshwa kuliko walivyozinyoosha wahudumu wenyewe. Nikamtafuta ufukweni, hayupo. Nilimkuta nyuma, karibu na jiko la hoteli, amejifunga kanga, ana ungo mapajani, anachagua mchele na wapishi. Mpishi mmoja, Pelagia, akaniambia, “Baba, tumemkatalia, hasikii.”

Nikachuchumaa mbele yake. Nikasema, “Njoo ukae. Safari hii hakuna ndugu, hakuna mtu.” Nikamwomba radhi kwa Pangani, hapo hapo mbele ya wapishi, kwa kuchelewa miaka tisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

“Nimekusamehe zamani, Baba Asmahani. Jana nilijaribu kukaa, wewe ukiwa umesinzia. Nikaona kama naumwa, mikono hainitulii. Kule Pangani nilikuwa naweza. Nenda ukakae wewe, wewe unajua.”

Hakusema kwa hasira. Nilimtazama usoni nikiitafuta, ili angalau nijitetee, sikuiona.