Lango la Idwal Bebb

Heulwen Prydderch hakuwa mtu wa kusahau, na mji wote wa Aberhelyg ulilijua hilo. Mwanamke aliyeicheka kofia yake siku ya harusi alikuwa hajasalimiwa kwa miaka thelathini na minane. Sasa Idwal Bebb, mfugaji jirani, alikuwa mjinga wa namna gani, kudhani kwamba akimwinamia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa mambo yatakwisha?

Ubaya wenyewe ulikuwa huu. Miaka minne nyuma, wakati wa theluji kubwa, kondoo majike thelathini wa Tecwyn, mume wa Heulwen, walitoweka mlimani. Idwal alisimama mnadani akashika kipaza sauti, akasema Tecwyn alilewa chakari akaacha lango wazi. Tecwyn, ambaye pombe aliionja Krismasi tu, hakukanyaga tena mnadani. Alikaa jikoni akitazama ukuta, na baridi ya mwaka wa pili ikamchukua.

Mjane akapata kazi ya kutembeza wageni: ngome iliyobomoka, soko la zamani lenye saa isiyosema kweli, kisha njia ya miguu inayofuata mto na kukatiza mashamba, la Idwal likiwemo. Njia ilikuwa ya umma, na Idwal hakuweza kuifunga hata angetamani vipi.

Kiangazi kilichopita, Heulwen alikuwa akiwasisitizia wageni wafunge lango kama walivyolikuta. Jike mmoja mzee bondeni akaisikia sauti yake na kuinua kichwa. Masikio yake yalikuwa yamekatwa nusu. Kila shamba huko lina alama yake ya kuchanja sikio, na hakuna mfugaji anayekata sikio nusu nzima ila kuna alama ya mwenzake anayotaka kuiondoa.

Alama ilikuwa imekwenda, na ushahidi nao. Lakini kulikuwa na kitu ambacho Idwal hakuweza kukikata. Kondoo wa milima ile hufundishwa na mama yake kipande chake cha mlima tangu mdogo, na umpeleke utakako, siku ukimfungulia atarudi palepale. Ndiyo maana Idwal aliwafungia bondeni mwaka mzima wale wenye masikio nusu, huku wengine wake wakipanda mlimani.

Basi akaingoja Alhamisi ya mnada mkubwa wa vuli, siku ambayo wafugaji wote wangekuwa mjini. Aliwapitisha wageni kumi na mmoja langoni, yeye akabaki nyuma.

"Bibi, lango hujalifunga," alisema mgeni mmoja, mwalimu mstaafu.

"Nimeliona, mwalimu. Wewe tembea tu."

Jike mzee alitangulia, wengine wakamfuata, na Heulwen nyuma yao na wageni wake. Kondoo wakavuka daraja, wakapanda barabara kuu mmoja nyuma ya mwenzake, wakapita kanisa na duka la mikate. Mmoja alisimama kuonja maua ya muuza maua, kisha akawakimbilia wenzake. Walipofika mbele ya uwanja wa mnada, dalali Gethin alinyamaza katikati ya bei.

Idwal alitoka mbio, uso mwekundu. "Heulwen! Wageni wako wameacha lango langu wazi!"

"Usiwasingizie wageni wa watu. Aliyepita mwisho ni mimi. Kuacha lango wazi si ndiyo kazi ya nyumba yetu? Ulisema mwenyewe, hapahapa."

Watu wakaanza kucheka.

"Haya, waite," Heulwen akaendelea. "Kama ni wako, si wataijua sauti yako?"

Idwal aliita hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyegeuka. Akamtuma mbwa wake awazunguke.

"Mrudishe mbwa, Idwal," alisema Gethin taratibu. "Tunataka kuona wanakokwenda."

Wakawatazama wakipanda kijia cha mawe, wakiacha malisho ya huyu na ya yule, mpaka wakasimama kwenye ukuta wa juu. Hakuna mfugaji asiyeujua ukuta ule.

"Pale ni kwa Tecwyn," alisema Gethin.

Idwal akamsogelea Heulwen, sauti chini. "Shemeji, wachukue. Tuyamalize wenyewe."

"Shemeji yako nani? Tecwyn hukumsingizia faraghani. Kipaza sauti kile pale."

Idwal alivua kofia akasema. Heulwen akamwambia arudie, waliosimama nyuma hawakusikia. Akarudia: Tecwyn hakuacha lango wazi, kondoo aliwachukua yeye. Heulwen aliona raha, raha tamu kabisa, wala hakuona haya.

Alasiri alipanda mlimani na ndoo ya nafaka. Kondoo walikuwa wamejipanga ukutani, pale ambapo Tecwyn alikuwa akiwawekea nyasi kavu. Heulwen alitoa mfukoni filimbi ya marehemu, akapuliza kama alivyomsikia yeye akipuliza maisha yote. Wote wakainua vichwa. Wakamtazama, kisha wakayahamisha macho nyuma yake, kwenye njia. Alitikisa ndoo. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wakimngoja mwenye filimbi.

Raha yote ikamtoka, na chuki ikarudi ikiwa mbichi kama siku ya mazishi.

Jumamosi wageni wengine walikuja. Heulwen aliwafikisha kwenye lango la Idwal, akalifunga vizuri, akawaambia wakae kwenye ukuta wapumzike.

"Hapa nina hadithi ndefu kidogo," alisema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni kwa Idwal.